Mipeasi ya Mama

Harufu ya peasi zilizoiva inanipandisha hasira, na msinicheke. Juzi pale stendi ya Same mama mmoja alifungua mfuko wake karibu yangu, ikanifikia ile harufu nzito tamu, nikasogea pembeni nisije nikamjibu mtu vibaya bure.

Kwetu Chome, baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Mama akabaki kwenye shamba la marehemu, analima mahindi na maharage, na hakuna aliyemsumbua. Kisha akaenda kwao, akarudi na machipukizi ya mpeasi. Zilikuwa zile peasi ngumu za zamani, zinazokaba koo ukizila kutoka mtini. Unazifukia kwenye pipa la maharage makavu mpaka zigeuke njano, na hapo nyumba nzima inanukia. Mti wenyewe haujali baridi wala ukungu wa mlima Shengena. Nilimuuliza kwa nini asipande plamu, tukachuma na kula palepale kama watu wengine. Akaniambia nikachote maji.

Miti ilipozaa mara ya kwanza, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikuja akang'ata peasi moja, akatema. Akasema hayo ni mawe tu, na kivuli cha miti hiyo kinamharibia tangawizi yake ng'ambo ya mfereji. Uongo mtupu! Jumapili moja tukatoka kanisani tukakuta miti yote iko chini, peasi mbichi zimetapakaa, na yeye kasimama pale na panga, hana hata haya.

Nilitaka kumrukia. Mama akanishika bega.

"Msalimie baba yako mdogo."

"Sitaki."

"Nimesema msalimie."

Nikatoa shikamoo huku nimeuma meno. Akaitikia marahaba kwa raha zake. Nilimchukia siku ile, na mama nikamchukia zaidi. Nililia mpaka macho yakavimba, nalilia peasi ambazo tungekula Krismasi. Mjinga mimi.

Visiki vilichipua. Baba mdogo akakata, vikachipua tena, mpaka wazee wa ukoo wakaitwa. Wakamuuliza, kama shamba ni lake kama anavyodai, mbona alimwacha shemeji yake apande miti, ndipo aje kuikata? Akainuka akaenda zake, na hakukata tena. Mama yuko palepale hadi leo.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Mahindi hayamsumbui mtu. Yakishavunwa, mjane anaweza kuambiwa afungashe. Mti wa matunda ni habari nyingine, kwa sababu kwetu anayeupanda anasema haondoki. Baba mdogo alikuwa anatufukuza. Hata ile shikamoo, ningeikataa, angepata pa kuanzia, aseme mama mkorofi na watoto wake hawana adabu, warudi kwao. Mama aliyajua yote hayo tangu anachimba mashimo. Ndiyo maana aliacha plamu, akachukua mti aliouona kwao ukikatwa na kuchipua.

Watu wanamsifu kwa akili ile, nami nawaitikia. Lakini hasira haijanitoka. Mjane hakupaswa kuchagua mti wa kuwapandia wanawe kwa kufikiria panga la shemeji.