Eda Katika Nyumba ya Kupangisha

Mwanangu, katika miaka yote niliyosimamia nyumba zetu, ipo asubuhi moja ambayo sijaisahau hata kidogo. Nilikuwa nimesimama barazani katika nyumba yetu ya Raskazone, nikiwaelekeza mafundi wapi wavunje na wapi wajenge, na ndani ya nyumba hiyo hiyo alikuwamo mjane aliyekuwa bado katika eda. Nakusimulia leo kwa sababu kuanzia mwezi ujao funguo zitakuwa mkononi mwako, na sitaki ujifunze hili kwa njia niliyojifunza mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Babu yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akatuachia nyumba ile ya Raskazone na vyumba vya Makorora. Tulikubaliana bibi yako, mama yangu, awe msimamizi wa vyote, naye akanipa mimi kazi ya kuzunguka, kutafuta wapangaji na kuandika mikataba. Baba yako mkubwa hakufurahi. Alisema mbele za watu, "Athumani ni mpole mno. Nyumba zitamfia mikononi." Maneno yale yaliniuma, nikaapa nitamwonyesha.

Mpangaji wa Raskazone alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mtu mtaratibu, aliyeishi pale miaka mingi na mkewe, Bi Zainabu, na binti yao. Mwalimu akafariki ghafla. Tulikwenda mazikoni, tukakaa matangani, tukarudi kwenye shughuli zetu. Haukupita mwezi, akanijia meneja wa kampuni moja ya barabara. Alitaka nyumba nzima iwe ofisi, na alitaka upesi. Alikuwa tayari kusaini miaka mitano. Mwanangu, kichwani mwangu nilishamwona kaka yangu amekosa la kusema, kabla hata sijashika kalamu.

Nikatazama mkataba wa mwalimu. Ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na jina lililoandikwa lilikuwa la marehemu peke yake. Nikamwandikia Bi Zainabu barua ya kumtaka ahame. Na usidhani nilikuwa katili. Nilimtengea chumba na sebule kule Makorora, akae mwaka mzima bila kulipa chochote. Nilipompa binti yake barua ile mlangoni, nilijiona mtu mwema sana. Yule binti aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akarudi ndani. Niliichukua ahsante ile kuwa ndiyo majibu.

Utaniuliza, baba, hukujua habari ya eda? Niliijua. Chuoni tulifundishwa: mjane hukaa miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, wala hachanganyiki na wanaume wasio maharimu zake. Niliijua vizuri. Lakini kichwani mwangu eda ilikuwa mambo ya wanawake huko ndani, na mkataba ulikuwa mambo yangu ya kazini. Sikuwahi kuyaweka mawili hayo meza moja. Kosa langu lilikuwa hapo hasa, na ni kosa ambalo mtu mwenye elimu na dini yake anaweza kulifanya bila kuona haya.

Bibi yako hakuwapo. Alikuwa Moa kwa wiki mbili akimuuguza dada yake. Asubuhi aliyorudi hakupitia nyumbani. Alishuka kwenye basi akachukua teksi moja kwa moja hadi Raskazone kumjulia hali mjane, akiwa bado na mfuko wake wa safari. Akanikuta barazani na fundi Shabani na wenzake wawili, mmoja juu ya ngazi, mwingine anapima sebule.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Alitazama ndani, juu ya bega langu.

"Bi Zainabu yuko wapi?"

"Yumo ndani, mama. Jana nilimwarifu binti yake kwamba tunakuja."

"Ndani wapi? Mbona kila chumba naona wanaume?"

Nilikuwa sijajiuliza. Yule binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akanyoosha kidole kuelekea stoo. Stoo ile ilikuwa ya kuwekea mkaa na magunia, haina hata dirisha. Bi Zainabu alijifungia humo tangu saa mbili, na sasa adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Mama aliutua mfuko wake chini. Akamtazama aliye juu ya ngazi.

"Fundi, shuka."

"Mama, nimebakiza ukuta mmoja tu."

"Ukuta hauna miguu, baba. Ukirudi utaukuta. Shuka."

Wakakusanya vifaa vyao wakatoka. Mama aliingia stoo, akakaa humo muda mrefu. Nilisikia sauti yake tu, sikusikia maneno. Alipotoka, vumbi la mkaa lilikuwa limeushika ukingo wa buibui lake. Akanichukua hadi getini.

"Nani amekutuma?"

"Mama, mkataba ni wa marehemu, na unaisha mwezi huu. Tena nimempa chumba Makorora, bure."

"Ulimuuliza?"

"Nilimwandikia barua."

"Mimi nakuuliza kama ulimuuliza, wewe waniambia uliandika. Athumani, baba yako alipokufa nikabaki mimi katika eda, ungenipa barua?"

Nikainamisha kichwa. Lakini bado nilikuwa na ujanja. Nikamwambia, basi tumwambie meneja kwamba mabomba yameharibika, atusubiri. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Hapana. Hatumsitiri mjane kwa uongo. Nenda kamwambie ukweli, kwa kinywa chako. Mwambie yumo mwanamke katika eda, na hatoki mpaka amalize. Akisubiri, sawa. Asiposubiri, sawa."

Nikaenda kwa miguu, kwa makusudi, ili nichelewe kufika. Meneja alinisikiliza akiwa amesimama.

"Miezi mitatu na zaidi? Watu wangu wanafika Jumatatu." Akacheka kidogo. "Kijana, hii ni biashara au ni msikiti?"

"Ni nyumba ya mama yangu," nikamjibu. Sikuwa na maneno mengine, na nilipoyasikia yakitoka niliona yanatosha.

Hakusubiri. Juma lile lile alichukua nyumba nyingine, mtaa ule ule, na kila nikipita niliona magari ya kampuni yamejipanga. Kaka yangu hakukosa la kusema. "Si nilisema? Mpole!" Safari hii sikuumia sana.

Lakini siku ile ile nilipotoka kwa meneja, nilirudi Raskazone kuomba radhi. Nilisimama nje ya mlango, pazia limeshushwa, binti amekaa kizingitini. Nikasema nilichokuwa nacho. Sauti ya Bi Zainabu ikatoka ndani, ya upole tu.

"Athumani, nimekusamehe. Kile chumba cha Makorora nakitaka, mwanangu. Ningekipokea siku ile ile kama ungesema kwanza nimalize eda."

Alimaliza. Siku alipotoka eda, mimi na mama tulimpakilia vitu vyake. Nyumba ya Raskazone ilikaa tupu miezi sita baada ya hapo, na mapaa ya Makorora tuliyotaka kuyabadilisha kwa kodi yake yalivuja masika nzima. Sikufichi. Mama alikwenda mwenyewe kwa kila mpangaji, akawaeleza kwa nini tumechelewa, kisha akawapelekea ndoo.

Baada ya hapo niliongeza kifungu katika kila mkataba wetu, nawe utakikuta: mpangaji akifariki, familia yake hukaa mpaka mjane amalize eda, na wasio Waislamu hukaa muda huo huo ili wapate kupumua. Mawakili wawili wameniambia nikiondoe. Hakijaondoka.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na uishike. Najua siku hizi notisi hutumwa kwa simu, na wewe ni mwepesi wa mambo hayo kuliko mimi. Tumia simu yako kwa yote, ila usimhamishe mtu kwa simu. Nenda ukabishe hodi, ukae, uulize, usubiri kujibiwa. Wema ambao hukumuuliza anayepewa unaweza kumfungia mtu stoo. Na lile unaloliamini, liamue leo kabla hajafika mwenye fedha nyingi, kwa sababu akishakaa mbele yako utapata sababu mia za kulegeza. Utapoteza baadhi ya wapangaji. Wapoteze. Hutafilisika kwa hilo, mimi ni shahidi.

Mungu akupe macho ya kuona aliye ndani kabla ya kupima kuta, na moyo usiotetereka ukichekwa. Akubarikie mikono inayopokea funguo hizi, na kila mlango utakaobisha hodi, wenyewe wakufungulie wakisema karibu.