Mlango Namba 554 wa Mama Gyutae

Mama Gyutae wa Yeongwol alikuwa na mazoea ya kuisalimia kamera. Kabla hajanawa uso, kabla hajaosha mchele, anasimama mbele ya kabati na kuuliza, "Umekula?" Kamera, kidude cheupe kama yai, hugeuza shingo polepole mpaka imtazame. Moyo wake unatulia, anaingia jikoni.

Aliyeiweka ni mwanawe wa pekee, Gyutae, anayechomelea meli huko Ulsan. Aliiweka walipomaliza kumzika baba yake. "Nitakuona kila siku kwenye simu, mama. Ukijificha naigeuza nikutafute." Na kila akipiga, mara moja kwa mwezi ukiwa mwezi mzuri, husema hivyo hivyo: "Nakuona, mama. Kila siku nakuona." Humo ndani hamkuwa na mwingine wa kumwona.

Zikabaki siku mbili kufika jesa, ile siku ya mwaka ambayo marehemu huandaliwa meza na mlango wa nyumba ukaachwa wazi aingie ale. Televisheni ikaanza kukwama. Tamthilia inaganda mtu kaachama kama samaki sokoni. Akamwita Deoksu, fundi wa mtaa, anayetengeneza majiko ya wali mpaka intaneti, na anayesema kuliko anavyotengeneza.

Deoksu akaunganisha kompyuta yake na kisanduku cha intaneti, akaangalia, akaacha kutafuna ubani wake.

"Mama Gyutae, una wageni."

"Wageni gani? Mimi hata paka kanihama."

"Watu watatu wanavuta video ya kamera yako sasa hivi, ndiyo maana televisheni haipumui. Kisanduku hiki kina milango chungu nzima, kila mmoja na namba yake. Video inapita huu wa 554. Aliyekufungia kamera aliuacha wazi kwa dunia nzima, na neno la siri ni lile la kiwandani: moja, mbili, tatu, nne. Kuna mashine kazi yake ni kuzunguka zikijaribu milango ya watu. Wako ukisukumwa tu, mtu yuko ndani."

"Wanatazama nini? Kikongwe anamenya vitunguu saumu?"

"Macho hayana pazia. Wanajua unatoka saa ngapi, na funguo unazificha chini ya mtungi gani wa kabichi ya kimchi."

Mama Gyutae akaigeukia kamera. "Na ile shingo? Wanaweza kuigeuza?"

"Aliyeingia anaigeuza apendavyo."

"Mmoja wa hao watatu ni mwanangu."

"Huenda," alisema Deoksu, akainama kutafuta bisibisi asiyoihitaji. "Nikiufunga, nitakuwekea njia nyingine yenye kufuli. Lakini bila maneno mapya ya siri hata Gyutae haingii."

"Subiri jesa ipite. Zamu haimruhusu kuja, ameahidi kuhudhuria kwa kamera."

"Na wale wawili watahudhuria pia."

Mama Gyutae akaiona akilini meza ya mumewe, yeye akisujudu peke yake, na watu asiowajua wakimkodolea mgongo.

"Funga," alisema. "Mlango wa jesa anafunguliwa marehemu. Hafunguliwi kila mpita njia."

Deoksu akafunga, akaandika maneno mapya kwenye kipande cha kalenda. Mama Gyutae akampigia mwanawe mara tatu, hakupokea. Akamtumia ujumbe: "Nipigie kabla ya jesa, nina jambo." Kimya.

Asubuhi iliyofuata akauliza, "Umekula?" Kamera ikabaki imetazama ukuta. Akajiambia: Gyutae angeigeuzaje, na maneno mapya hana?

Siku ya jesa alipanga wali, supu, samaki mkavu na matunda ya persimoni. Akafungua mlango, baridi ikaingia bila kukaribishwa. Akasujudu mara mbili, akamimina pombe, akangoja kama inavyopasa. Kamera haikutikisika. Akafunga mlango na kula chakula cha marehemu, kilichokwisha kupoa.

Kesho yake simu ikalia. Akaikimbilia na kile kipande cha kalenda mkononi.

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Gyutae, kuna maneno nataka uandike, ya ka—"

"Baadaye, mama, msimamizi ananiita. Nilitaka kukwambia tu, jana nilikuona. Nilishika simu mwanzo mpaka mwisho. Ulivyosujudu, nusura nilie. Na meza ilipendeza, baba kafurahi."

Mama Gyutae alikiangalia kile kipande. Herufi za Deoksu zilikuwa kubwa, hata kipofu angezisoma.

"Mama? Uko?"

"Nipo. Asante kwa kuja, mwanangu. Vaa soksi nzito."

Simu ikakatika. Akakikunja kile kipande mara nne, akakisukumia chini ya kamera. Kisha akaishika ile shingo kwa vidole viwili, akaigeuza mwenyewe mpaka ikatazama meza, akaketi mbele yake na bakuli la supu.