Besi Iliyoinamisha Kichwa

Bu Ngatemi (kwetu "Bu" ni "Mama") alikagua magitaa kwa miaka kumi na tisa bila kujua kupiga hata moja. Mali yake ilikuwa vidole. Kiwanda chao kiko pembeni mwa mji wa Sidoarjo, Java mashariki, nyuma ya viwanda vya viatu, na sisi majirani tulizoea kumwona akirudi alasiri na vumbi la msasa kwenye kope, akitembea taratibu kama mtu asiyedaiwa haraka na yeyote. Kila gitaa lilipita mezani kwake kabla ya kuingia kwenye boksi. Alilolikataa lilirudi, na mafundi hawakubishana naye sana, maana waliokwisha kubishana walikuwa wameaibika.

Mwaka ule kiwanda kilianza kutengeneza besi fupi, magitaa ya nyuzi nne za sauti nene, za bei nafuu, za watu wanaojifunza na wenye mikono midogo. Habari hiyo ilimfikia Bu Rukiyem, muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, wa kichochoro cha tatu, ambaye ndiye mpiga besi katika kikundi chetu cha keroncong, muziki wetu wa zamani wa vyombo vya nyuzi. Mimi napiga cuk, kile kigitaa kidogo cha kukwaruza, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yaliyobaki Bu Ngatemi alinisimulia juu ya ukuta unaotenganisha nyua zetu.

Bu Rukiyem ni mfupi. Besi ya kikundi ilikuwa ndefu, ya zamani, na kuifikia sauti nene kabisa kule karibu na kichwa ilimbidi anyooshe mkono kama anayefukuza kuku. Kwa muda wa mwaka mzima kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kinamuuma, hata kukamua maharage ya tofu kukawa tatizo. Akamwomba Bu Ngatemi amtafutie besi fupi iliyo nzuri. Kiwanda huwauzia wafanyakazi magitaa yenye kasoro ndogo za rangi, na Bu Ngatemi aliahidi kumchagulia lililo bora kuliko yote.

Alichukua siku mbili kuchagua. Zilikuwepo besi kumi na mbili zenye kasoro za rangi. Kwanza alizitazama shingo kwa jicho moja, toka kichwani hadi mwilini, kama mtu anayepima mstari wa matofali. Nne zilikuwa zimepinda kidogo, akaziweka kando. Kisha alipitisha kibonge cha pamba kwenye kingo za shingo. Vile vyuma vyembamba vinavyolala shingoni kama mataruma ya reli hutokeza ncha mbao inaponywea wakati wa kiangazi, na ncha ikiwepo, pamba hunasa. Tatu zilinasa. Kwenye zilizobaki alijaribu kupenyeza karatasi mahali shingo inapokutana na mwili, akazungusha vitufe vya sauti huku ameinamisha sikio kwenye spika, akavuta kila uzi mara moja. Ikabaki moja. Ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na kasoro yake ilikuwa tone la rangi lililoganda mgongoni, dogo kama punje ya ufuta.

Alituletea Jumapili, tulipokuwa tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa mtaa. Aliifungua mbele yetu bila kujisifu, lakini mimi namjua. Alisimama karibu na meza, mikono nyuma, akisubiri. Bu Rukiyem aliishika shingo, vidole vikafika kote bila shida, uso wake ukalegea kama wa mtu aliyevua viatu vya kubana. Akavaa mkanda begani. Kisha akaiachia mikono yote miwili ili arekebishe ushungi wake.

Kichwa cha besi kikaenda chini. Hakikuanguka ghafla, kiliinama polepole kama mzee anayesinzia msikitini, mpaka kikagonga kiti cha plastiki.

"Bu Ngatemi," akasema Bu Rukiyem, "besi yako haikulala jana?"

Tulicheka sote. Bu Ngatemi naye alicheka kidogo, akasema labda mkanda unateleza. Tukaanza kupiga. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia. Kufikia wa nne nilimwona Bu Rukiyem akipiga huku mkono wa kushoto unafanya kazi mbili, kubonyeza nyuzi na kukibeba kichwa kisishuke. Mazoezi yalipokwisha alikuwa anakisugua kifundo kilekile. Hakulalamika. Alimshukuru Bu Ngatemi, akampa mfuko wa tofu za kukaanga, akasema atazoea.

Nadhani hiyo shukrani ndiyo iliyomchoma Bu Ngatemi zaidi. Jioni ile alikuja ukutani, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulifikiria katika miaka yote hiyo. Mezani kwake kiwandani pana godoro jembamba na kigogo cha kuegemezea shingo. Kila gitaa alilowahi kulipima lilikuwa limelala.

"Sijawahi kulisimamisha hata moja," akasema. "Hata moja, Dik, mdogo wangu. Nimepima maelfu ya watu wakiwa kitandani, nikawaandikia wote kwamba wanatembea vizuri."

Nikamwambia si kosa lake, fomu ndiyo inasema hivyo. Akaenda kuanua nguo.

Jumatatu alikwenda kazini na mkanda wa gitaa kwenye mkoba wake. Alipomaliza kukagua kila besi fupi kama kawaida, aliivaa begani na kuiachia. Zote ziliinama. Akatafuta sababu kwa mikono yake. Vyuma vya kukazia nyuzi, vile vinne vya kichwani, vilikuwa vizito, vya besi kubwa, vimewekwa kwa sababu vilikuwepo vingi stoo. Mwili nao ulikuwa mwembamba na mwepesi, na pembe yake ya juu, inaposhikwa ncha ya mkanda, ilikuwa imekatwa fupi ili mbao moja itoe miili mingi. Hakuna kitu kimoja kilichokuwa kibovu. Kila kipande kilikuwa sawa, ila havikukaa sawa pamoja. Akaandika hivyo pembeni mwa fomu, besi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi.

Siku ya tatu msimamizi, Pak Hartadi, yaani Bwana Hartadi, alikuja mezani. Ni mdogo kwake kwa miaka kama kumi na mitano, mpole, ila siku hiyo alikuwa ameshika rundo la fomu.

"Bu, fomu ina vipengele ishirini na viwili. Kuinama kichwa hakumo."

"Ndiyo maana nimeandika pembeni, Pak."

"Lakini umeandika kwenye zote."

"Zote zinainama."

Pak Hartadi akavuta kiti. Akamweleza kwamba mchoro ni wa mteja, kampuni iliyoagiza besi, bei ni ya mteja, na anayenunua besi ya bei hii hatarajii makubwa. Hatalalamika.

"Ni kweli hatalalamika," akasema Bu Ngatemi. "Atadhani mkono wake ndio mbovu. Ataiweka nyuma ya kabati na kusema muziki si wake. Mimi nimemwona mmoja, Pak, na ni mtu anayejua kupiga."

Msimamizi akaomba mkanda, akaivaa besi juu ya shati lake la kazi, akaiachia. Ikamgonga paja. Akaivaa tena, safari hii akiushika mkanda, ikainama vilevile. Mafundi wa meza ya pili walikuwa wanatazama na hakuna aliyecheka. Akasema ataandika barua kwa mteja, ila asitegemee kitu. Besi za mzigo ule, mia nne kwa jumla, zikapakiwa kama zilivyokuwa, kwa sababu kwa mujibu wa fomu zilikuwa nzuri, na Bu Ngatemi mwenyewe ndiye aliyetia sahihi. Aliniambia kalamu ilikuwa nzito siku ile.

Ya Bu Rukiyem haikungoja barua. Pak Karnoto, mume wa Bu Ngatemi, ni seremala wa milango. Walikwenda Surabaya kwa wauza vyombo vya muziki vilivyotumika, wakapata vyuma vinne vidogo vya kukazia nyuzi, vyepesi kama maganda ya karanga. Pak Karnoto akaziba matundu ya zamani kwa vipande vya mti wa msonobari, akatoboa mapya, huku mkewe amesimama juu yake na rula, akimsahihisha kwa unene wa ukucha. Walibishana asubuhi nzima. Halafu Bu Ngatemi akashona mkanda mpya wa lurik, kitambaa chetu kizito cha mistari, na kuushonea ngozi chini, upande wake wa kukwaruza ukitazama nje, ili usiteleze kwenye kebaya, blauzi yetu ya sherehe.

Agosti tulipiga kwenye sherehe za mtaa za siku ya uhuru, baada ya watoto kumaliza kushindana kula krupuk, zile chipsi nyembamba za kukaanga, zilizoning'inizwa. Bu Ngatemi alikaa mstari wa mbele. Bu Rukiyem alipiga nyimbo tisa, na katikati ya wa sita aliachia mikono yote miwili, akajipangusa jasho kwa leso bila haraka, akaendelea. Baadaye Bu Ngatemi aliniuliza ile sauti inayotembea chini ya zote, ile unayoisikia tumboni, ndiyo ya besi? Nikamwambia ndiyo. Akasema kiwandani yeye huvuta kila uzi mara moja tu, na hakujua kwamba sauti nne zile zinaweza kwenda mahali.

Mchoro mpya ulifika Februari. Pak Hartadi hakusema umetokana na nini. Aliuweka tu mezani kwa Bu Ngatemi na kumwonyesha kwa kidole. Pembe ya juu ilikuwa imerefushwa kwa upana wa vidole viwili. Vyuma vya kichwani vilikuwa vilevile vizito, kwa sababu stoo havijaisha. Fomu nayo sasa ina vipengele ishirini na vitatu. Bu Ngatemi aliivaa besi ya kwanza, akaiachia. Ikainama kidogo, ikasita, ikatulia. Akaipitisha, na pembeni akaandika kwamba vyuma bado ni vizito.

Alipomsimulia Bu Rukiyem, mwenzake alikuwa anageuza tofu kwenye mafuta.

"Basi, besi yangu ndiyo bora kuliko za kiwanda," akasema Bu Rukiyem.

"Yako ina tone la rangi mgongoni," akajibu Bu Ngatemi. "Mimi ningeirudisha."