Neti ya Vitunguu na Samaki wa Baba

Enzi zetu za udogo pale Kibuli, mbali kabisa na pwani, kila nyumba ilijulikana kwa kitu chake. Kulikuwa na nyumba ya televisheni, ambayo uliitambua kwa viatu vya watoto vilivyorundikana mlangoni. Kulikuwa na nyumba ya Hajati aliyekaanga kabalagala za ndizi na mhogo, ambaye harufu ya karai lake ilitutoa madrasa kabla ya dua ya mwisho. Nyumba yetu ilijulikana kwa bahari. Mgeni akipotea, aliambiwa ateremke chini ya msikiti mpaka pua yake ifike Mombasa.

Bahari yetu ilikaa sebuleni, ndani ya tangi la kioo, mahali ambapo watu wenye akili timamu huweka kabati la vyombo. Baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa. Mzee mmoja wa huko, aliyekuwa akihama nchi, alimwachia tangi lile, pampu yake, kopo la vipuri, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Tangu hapo kila safari baba alirudi na jerikeni za maji ya bahari nyuma ya kiti. Wenzake walificha sukari na betri. Yeye alificha maji. Askari wa mpakani walifungua, wakanusa, wakaonja, wakatema, halafu wakamwachia apite kwa huruma, kama mtu aliyepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Sisi watoto tuliitumia bahari ile bila haya. Mtoto wa jirani akitaka kuitazama, alitoa dool yake moja, yaani gololi, tena ile ya kioo safi. Shuleni niliandika insha ndefu juu ya ukuu wa bahari, mwalimu akaisoma mbele ya darasa, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Bahari niliyoijua ilikuwa na upana wa mikono yangu miwili. Huo ndio mwanzo wa kazi yangu ya uandishi, na wapo wanaosema haijabadilika sana.

Kisha mgongo wa baba ukaikataa barabara. Daktari alimwambia asipande lori tena, na baba, ambaye hakuwahi kukaa nyumbani wiki nzima, akawa mtu wa kiti. Aliweka kiti hicho mbele ya tangi. Asubuhi baada ya chai alikuwa pale. Sisi tukirudi shuleni, vumbi la kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, likiwa bado miguuni, alikuwa pale. Aliwasimulia samaki wake habari za mizigo na mizani ya barabarani kana kwamba ni matingo wake. Madereva wenzake walimletea maji kwa muda, wakapunguza, wakasahau. Ikabaki jerikeni moja chini ya kitanda chake, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuisogeza kwa ufagio.

Maji ya tangi yakaanza kuwa ya manjano. Samaki mmoja akafa. Baba alimfunga kwenye kitambaa, akamzika nyuma ya jiko, na mama, ambaye alikuwa amelalamikia harufu ile tangu siku ya kwanza, akaacha kulalamika. Hapo ndipo tulipojua kuwa mambo ni mabaya. Samaki wa pili akifa, baba atazungumza na nani?

Baba alikumbuka kwamba mzee wa Mombasa alikuwa na mashine ya povu. "Ni pampu tu," alituambia mimi na dada yangu Zaituni. "Inavuta hewa, inaipiga mpaka inakuwa povu, povu inabeba uchafu, inapanda nayo juu, unamwaga. Lakini ile kitu inazunguka ndani, ile feni kidogo, yeye alikata mapanga yake, akafunga neti. Neti ndiyo inasaga hewa."

Neti tuliipata sokoni Kalerwe, au tuseme ilitoka Kalerwe ikiwa imebeba vitunguu vya mama.

"Nani alikata mfuko yangu?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Kitunguu inatembea nyumba mzima!"

"Ni ya kuokoa samaki, Mama," Zaituni alijibu.

"Na mimi nani ataniokoa na nyinyi?"

Lakini ni yeye aliyetoa sindano. Mama zetu wa Kinubi hufuma tabaga, ile mifuniko migumu ya ukindu wa rangi inayofunika chakula cha wageni, na Zaituni alikuwa amefundishwa mshono ule tangu hajaota meno ya ukubwani. Alichukua kifeni kimoja kutoka kopo la vipuri, akakata mapanga yake kwa wembe, akakunja neti tabaka juu ya tabaka, akaishona kwa uzi wa kuvulia samaki, duara juu ya duara, hadi ikawa kama ua dogo jekundu. Mimi nilishika taa ya mkono na kutoa maoni. Chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kitako ikawa mnara wa povu, na mrija wa kalamu ukawa pua ya kuvutia hewa.

Baba alitazama kazi ile kwa muda mrefu, akaisifu, kisha akaweka sharti. "Mtajaribu kwa maji ya bomba, kwa beseni. Hii maji yangu haijaribiwi. Imetoka mbali. Povu ikitoka kwa beseni, ndiyo mashine itaingia kwa tangi."

Sharti lilikuwa la haki kabisa. Maji yale yalikuwa yamevuka nchi mbili kwa lori. Nani angethubutu kuyachezea?

Tuliwasha pampu ndani ya beseni uani. Ilinguruma, ikavuta hewa, ikatoa mapovu makubwa yaliyopasuka pap, pap, pap, kama ugali unaochemka. Povu la kupanda, hakuna. Tukasema neti ni nene, Zaituni akaipunguza. Tukasema ni nyembamba, akaiongeza. Tukachukua kifeni kingine, tukakiyeyusha pembeni kwa msumari wa moto ili kupachika meno ya kitana cha nywele; kikapinda. Cha tatu kikapasuka. Umeme ulipokatika tulishukuru, maana ulitupa kisingizio cha kupumzika.

Afande Okot, askari polisi jirani yetu, alichungulia juu ya ukuta. "Nyinyi, mnafua nini bila sabuni?"

"Tunatafuta povu, Afande."

"Banange! Povu? Weka sabuni, itakuja mbio."

"Okot," baba aliita kutoka ndani, "unataka kuosha samaki yangu ama kuizika?"

"Basi weka chumvi ya jikoni, mzee, maneno iishe!"

"Samaki si mchuzi!"

Tulicheka hadi Zaituni akakaa chini. Kicheko kile ndicho kinachoniuma zaidi nikikumbuka siku zile, kwa sababu Afande, katika utani wake, alikuwa ameligusa jibu kwa ncha ya kidole, nasi sote tukalicheka likaenda zake.

Kopo lilipokwisha vifeni, samaki wa pili alikuwa akilala ubavu. Ijumaa moja, wanaume wakiwa wanateremka kutoka msikitini, baba alimwona amekwama kwenye kona ya kioo, mweupe. Alimtoa mwenyewe. Aliporudi kutoka nyuma ya jiko alisema, "Kale, basi. Mwageni hiyo maji."

Zaituni akasema, "Baba, tujaribu mara moja tu. Si sasa hakuna kitu ya kuharibu?"

Baba alirudi kwenye kiti chake. Kifeni kilichobaki kizima kilikuwa kile cha kwanza, ua jekundu. Tukakirudisha ndani ya pampu, tukaitumbukiza mashine kwenye tangi, tukawasha.

Maji yaliyokuwa ndani ya chupa yaligeuka maziwa. Mapovu madogo kama unga yalijaa mnara wote, yakapanda polepole, yakafika juu yakiwa povu zito la rangi ya chai, likamwagikia kikombe tulichotega pembeni. Lilinuka vibaya mno. Lilikuwa zuri kupita kitu chochote nilichopata kuona. Kumbe lilitaka chumvi tu, na uchafu wa kubeba. Kwenye maji safi ya bomba lisingetoka hata tungeshona mpaka leo.

Baba alisimama akishika mgongo wake. "Iacheni iendelee," alisema.

Tuliiacha. Siku zilizofuata maji yalitakata hadi ukaona ukuta wa nyuma, na nyufa zake, kupitia tangi. Mama alifuta vioo. Baba aliendelea kukaa kwenye kiti chake, akitazama maji safi yasiyo na kitu, na hatukumsikia tena akisimulia habari za mizani.

Juzi binti yangu, anayetaka tangi la samaki na ambaye hajui kushona hata kifungo, aliuliza simu yake kwa nini mashine ya povu haifanyi kazi kwenye maji yasiyo na chumvi. Alinisomea jibu kabla sijamaliza kukoroga chai. "Kwani nyinyi hamkujua?" aliuliza, bila ubaya wowote.

Watu wa rika langu tunapenda kuwahubiria vijana hawa. Nimefanya hivyo harusini, nimefanya hivyo redioni: kwamba sisi tulijitafutia wenyewe, tulikosea tukajifunza, tulikuwa na subira, tuliwatii wazee wetu. Yote ni kweli. Siku ile, kijiko mkononi, nilikuwa tayari kuanza. Nikakumbuka jinsi tulivyotii, uani, kwa subira, huku samaki akilala ubavu sebuleni. Nikamwambia binti yangu hapana, hatukujua, na hapakuwa na wa kumuuliza.