Kalekye Hafungui Mlango

Majirani wa Kalekye huko Gatina walimshuku tangu siku aliyohamia. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, lakini ukimwita kwa jina mlangoni, cherehani ilinyamaza na hakutoka mtu. Wengine walisema anaficha vitu vya wizi.

Yeye naye aliwashuku wote. Aliyemtia hofu zaidi ni Rosebella, muuza samaki wadogo wa omena wa chumba cha pili, kwa kuwa alikuwa mpole mno.

"Mtu hanijui, ananisalimia kila asubuhi ya nini?" alimuuliza dada yake, Ndeti, kwenye simu.

Ndeti hakumcheka. Miaka miwili nyuma, kule Kianda, saa saba mchana, Kimotho aliyekuwa jirani yao alimwita Kalekye mlangoni. Akaifahamu sauti, akafungua. Wanaume watatu wakaingia nyuma ya Kimotho, wakamwekea kisu shingoni, wakabeba cherehani zake zote.

Jumatatu moja Kalekye alitoka kuanika nguo, akarudi akasahau kufunga komeo.

"Kalekye! Maji imerudi!" Rosebella aliita, akasukuma mlango.

Alimkuta amejikunja nyuma ya meza, jasho linamtiririka, makasi mkononi.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu. Ni maji tu imerudi."

Rosebella hakumsogelea. Aliketi pale kizingitini, mikono juu ya magoti, akangoja. Maji yalikatika tena wakiwa bado wameketi, na kufikia hapo Kalekye alikuwa amemsimulia yote.

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kliniki, kwa mshauri nasaha aliyeitwa Immaculate. Kalekye aliitazama kalamu ya mshauri.

"Unaandika nini? Utampelekea nani?"

Immaculate akamgeuzia karatasi aisome. Kisha akasema, "Huna wazimu. Mwili wako ulijifunza kwamba ukiitwa, kuna hatari. Hiyo siku iliisha, lakini mwili bado haujaambiwa. Tutauambia polepole."

Kalekye hakumwamini. Hata hivyo alirudi, mara ya pili, mara ya sita.

Kimotho hajakamatwa, kuna aliyesema amemwona mtaa wa Ayany. Kalekye bado huhesabu hatua za watu kwenye ngazi. Rosebella siku hizi hamwiti. Husimama kwanza dirishani aonekane, ndipo abishe hodi. Kuna siku mlango haufunguki, naye huenda zake bila kinyongo. Ijumaa iliyopita Kalekye alishona mlango ukiwa wazi, ameelekeza kiti ngazini, mpaka saa sita mchana.