Marekani ya Bi Mahfoudha

Hasidi hana sababu, ndivyo wasemavyo, lakini Shukriya alikuwa nayo sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na umri wa miaka minane na mapengo mawili ya meno, nayo ilikuwa imekaa uani inacheka. Ghalia, mwanawe wa pekee. Acheke, nani atamkataza mtoto kucheka? Lakini tangu lini mtoto anacheka vile kwa kitabu cha mtu mwingine, na kwa vitabu vya mamake anapiga miayo?

Mtu mwingine mwenyewe alikuwa Bi Mahfoudha, mavyaa yake, mama wa mumewe Khelef. Waliishi ua mmoja pale Ibra, Oman, mwaka wa themanini na tatu. Mbele ilikuwa nyumba mpya ya matofali ya saruji, ya Shukriya na mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa Maskati na nyumbani alirudi Jumatano jioni. Nyuma ilikuwa nyumba ya udongo ya Bi Mahfoudha, aliyekataa kabisa kuhamia kwenye saruji kwa sababu, alisema, inamkausha pua. Dirisha la Shukriya lilitazama uani. Lau lingetazama upande wa mferejini, labda hadithi hii isingekuwapo.

Shukriya alikuwa mtunza maktaba wa skuli ya wasichana. Amezaliwa Tabora, baba Mmanga wa Ibra, mama Mnyamwezi. Mwaka wa sabini na nne babake alimchukua wakaja Oman. Mama alibaki kumuuguza mamake mwenyewe, akasema nitafuata. Alisimama stesheni na kanga yake ya kisutu, akapunga mkono mpaka treni ikapinda. Hakufuata. Mama yule hakujua kusoma, lakini Shukriya alipokuwa mdogo akisoma vitabu vya shule kwa sauti, alikaa ubavuni mwake akichambua mchele na kusema, "Enhe? Halafu?" Na Shukriya alipojifungua binti aliapa moyoni: huyu nitakaa naye vile vile, kitabu baina yetu. Hilo tu. Hakuomba kasri.

Mwaka ule alikuwa ameandika barua kwa ofisi moja ya Maskati akiomba vitabu vya watoto. Likaja kasha zima, vitabu thelathini na vinne, vyote vya historia ya Marekani, vyote vya Kiingereza. Na vyote vya kweli, hakuna sungura anayesema humo. Reli ilivyojengwa, vita vya kaskazini na kusini, watumwa waliotoroka wakifuata nyota. Skulini wakamwambia Kiingereza cha wanafunzi hakijafika huko, chukua nyumbani. Akafurahi. Akatandika mkeka wa plastiki sebuleni, akapanga vitabu kwa karne, akanunua biskuti na sharubati, akawaalika watoto wa mtaani, wale ambao wazazi wao nao walitoka Unguja na bara na majumbani husema Kiswahili. Yeye atasoma kwa macho, atawaambia kwa mdomo.

Siku ya kwanza walikuja kumi na watano. Wiki ya pili walikuja sita, na biskuti ziliisha kabla ya vita kuanza. Wiki ya tatu alibaki Ghalia peke yake, macho dirishani.

"Unatazama nini?"

"Si kitu, mama."

Kumbe wenzake wote wako kule nyuma, kwenye kivuli cha ukuta wa udongo, wamemzunguka bibi. Na bibi naye ana kitabu! Kimoja tu, kikubwa, cha picha, jalada limetoka. Alikiacha Mmarekani mmoja aliyekuja kupima maji ya mifereji, akawa kila siku anakunywa kahawa kwa Bi Mahfoudha; alipoondoka akampa kitabu cha watoto cha historia ya nchi yao, kutoka mwanzo mpaka leo. Bi Mahfoudha alisoma chuo cha Kurani, Unguja, na herufi za Kiarabu alizijua barabara. Kiingereza hakujua hata alifu yake. Sasa vipi mtu asiyejua Kiingereza ana watoto ishirini na wawili, na mwenye cheti cha ualimu ana mtoto mmoja anayepiga miayo? Shukriya aliwahesabu dirishani, mara mbili. Roho ilimuuma mpaka chai ikamshinda.

Siku ya pili yake akamshika Ghalia. "Haya, bingwa. Niambie, historia ya Marekani inaanzia wapi?"

"Mwezini," akasema Ghalia bila kufikiri.

"Wapi?"

"Mwezini, mama! Watu wa Marekani zamani walikuwa wakikaa mwezini, wamevaa nguo nyeupe za kuvimba. Baridi ikawazidi, wakateremka. Mama, wewe hujui?"

Alasiri hiyo Shukriya alivua viatu, akatoka kwa mlango wa jikoni, akajibanza nyuma ya kamba ya nguo kama mwizi, mtu mzima na heshima zake. Na hapo ndipo alipoona. Bi Mahfoudha alikiweka kitabu pajani, akasema bismillahi, akakifungua upande wa kulia. Upande ambao msahafu hufunguliwa, na kila kitabu alichopata kukishika maishani mwake. Akaanza na picha ya mwisho.

Wakateremka mwezini, basi, wakajenga majumba marefu na magari tele. Wakachoshwa na makelele. Wakayabomoa majumba, wakang'oa reli, chuma chote wakakizika ardhini kilikotoka. Vita vikapiganwa, na waliokufa wakainuka wakarudi makwao. Halafu wale weusi waliokuwa mashambani kwenye pamba wakafungwa minyororo, naam, minyororo, msiulize, dhuluma ipo tangu dunia. Lakini tazameni Mungu alivyo! Ikaja jahazi kubwa ikawapakia wote. Na wale Wazungu nao, walipoona mashamba hayana watu, wakakusanya vyombo vyao wakarudi kwao Ulaya, wakawaachia nchi wenyewe wenye manyoya kichwani. Na jahazi ile ikaenda, ikaenda, mpaka ikafika ufukweni kwao.

"Na ufukweni kuna nani?" akauliza Bi Mahfoudha.

"Mama zaooo!" wakajibu watoto wote, na Ghalia sauti yake juu kuliko wote.

Shukriya alitaka kucheka. Kisha kikampanda kitu kingine, kitamu na kibaya, utamu wa mtu aliyeona soksi ya adui yake imetoboka. Angeweza kumwita mavyaa yake faraghani, akamwambia kwa adabu. Asingepungukiwa kitu. Lakini moyo wenye wivu hautaki faragha, wataka mashahidi. Akangoja Jumanne, siku ambayo majirani hukusanyika kwa Bi Mahfoudha kunywa kahawa. Akaenda na sahani ya halwa, mnafiki mkubwa, akakaa kitako.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, leo umetukumbuka."

Walikuwapo Bimdogo wa nyumba ya pili, mwenye ulimi wake, na wanawake wengine watano, na watoto wamekwishajaa. Bi Mahfoudha akafungua kitabu. Mwezini hawajateremka bado, Shukriya akanyoosha mkono akakichukua. Hakuomba. Alikichukua.

"Samahani Bi Mkubwa, lakini kitabu unakianzia mkiani." Akakigeuza. "Cha Kiingereza kinafunguliwa huku. Namba hii hapa chini ni moja, ndio mwanzo. Jahazi ilikuwa inawachukua, siyo inawarudisha. Hawakurudi. Na mwezini watu wamekwenda juzi juzi tu, mimi nilikuwa msichana."

Bimdogo akaangua kicheko. "Yarabi toba! Mahfoudha, siku zote hizi umetuvisha kanzu nyuma mbele!" Na wenzake wakacheka, na watoto wakubwa nao wakacheka kwa kuwa watu wazima wamecheka.

Bi Mahfoudha aliitazama ile picha ya kwanza, ufukwe na wanawake. "Kumbe walikuwa wakienda," akasema. Akajifuta mikono kwa ncha ya mtandio. "Basi nimewadanganya wana wa watu. Nisameheni." Akaendelea kumimina kahawa, na halikumwagika hata tone, na hilo ndilo lililomkera Shukriya zaidi.

Ghalia hakucheka. Alimtazama mamake.

Ameshinda, sivyo? Kesho yake uani hapana mtu. Shukriya akatandika mkeka, akafungua biskuti mpya, za krimu, akangoja. Wakaja watoto watatu, wakala, wakaondoka. Ghalia akasema ana hesabu za skuli. Siku ya pili akasema tumbo. Ya tatu akapita tu.

"Ghalia, hutaki kujua kweli ilivyokuwa?"

"Najua, mama. Ulishasema." Na akafunga mlango polepole, kwa adabu, jambo lililouma kuliko kama angeubamiza.

Khelef aliporudi Jumatano akamkuta mamake kanyamaza na mkewe kanuna, akauliza kuna nini, akajibiwa hakuna kitu na wote wawili. Akala tende zake akaenda kulala, maskini, mwanamume wa kupita tu.

Siku tisa zilipita hivyo. Siku ya kumi, baada ya alasiri, Shukriya akasikia sauti uani. Si ya Bi Mahfoudha. Sauti ndogo, inajikwaa, inasoma Kiingereza herufi kwa herufi, kisha inafasiri kwa Kiswahili. Akaenda dirishani. Ghalia amekaa ubavuni mwa bibi yake, kitabu baina yao, kimefunguliwa upande wa kushoto, sawasawa kama alivyofundisha yeye. Na Bi Mahfoudha anachambua mchele katika ungo na kusema, "Enhe? Halafu?"

Loo! Damu ilimpanda Shukriya mpaka masikioni. Yaani hata kile alichoshinda kachukuliwa! Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto herufi hizo, yeye ndiye aliyesema mwanzo ni huku, na ule ubavu, ule ubavu na ule ungo wa mchele, ulikuwa wake tangu Tabora! Akatoka mbio hata mtandio haukukaa sawa, ana maneno yake mdomoni tayari, leo atayasema yote, na liwalo liwe.

Akafika kwenye pembe ya ukuta, akasikia Bi Mahfoudha anauliza, "Na hawa wanawake wa ufukweni?"

"Ni mama zao, bibi. Walibaki."

"Hawakuwafuata?"

"Sijui. Kitabu hakikusema." Ghalia akafunua ukurasa, akaurudisha. "Mama anajua. Mamake mama naye alibaki."

Kisha akainua macho akamwona. Hakushtuka. Akanyanyuka na kitabu mikononi, akaja nacho mpaka alipo mamake. Wiki zote zile Shukriya alikuwa akimngoja aje hivyo hivyo, na kitabu mkononi.

"Mama, hawa mama waliobaki, waliletewa barua?"

Shukriya alikuwa na jibu la kila kitu. Alijua mwaka wa vita na mwaka wa reli. Akafungua mdomo ajibu, na badala ya jibu akaiona stesheni ya Tabora. Barua ya mwisho kutoka kule ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, imeandikwa na jirani, ikiuliza utakuja lini. Alikuwa hajaijibu, kwa kuwa hakujua aandike nini.

"Hawakuletewa," akasema. Akasimama pale analia mbele ya mavyaa yake, mtu ambaye tangu aolewe hakupata kumwonyesha hata mafua.

Bi Mahfoudha aliweka ungo chini. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne.

"Njoo ukae, Shukriya."

"Bi Mkubwa, ile siku mimi..."

"Ile siku imekwisha. Nilikasirika, na nikitaka bado ninazo hasira za mwezi mzima. Kaa." Akasogea mkekani. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Ghalia, lete kitabu. Kigeuze."

"Lakini bibi, mwanzo ni huku!"

"Najua mwanzo ni huku, mama yako kanifunza mbele ya halaiki ya watu. Leo twamsomea yeye. Kigeuze."

Ghalia akakigeuza. Akajilaza, kichwa pajani mwa bibi yake, miguu pajani mwa mamake. Shukriya akaitazama ile miguu, ina vumbi la uani. Kichwa kilikwenda kule, wivu ukamchoma kidogo, ndivyo ulivyo wivu, haufi siku moja. Lakini miguu nayo ni fungu, akaishika.

Wakateremka kutoka mwezini. Majumba yakabomolewa, reli ikang'olewa, waliokufa wakainuka. Minyororo ikaja, na jahazi ikaja. Kila uongo ulipita mbele ya Shukriya, mtunza maktaba wa skuli, mpenda ithibati, naye kimya. Jahazi ikaenda, ikaenda, mpaka ukurasa wa kwanza.

"Na ufukweni kuna nani?" akauliza Bi Mahfoudha.

"Mama zao," akasema Ghalia.

"Naam. Wamengoja mpaka miguu imewavimba. Shukriya, macho yangu hayaoni vizuri tena. Mwambie mwanao, yule wa mbele kabisa anayepunga mkono, amevaa nini?"

Shukriya akainama juu ya picha. Mwanamke wa mbele alikuwa amejifunga ngozi ya mnyama kiunoni, na hakuwa akipunga mkono.

"Kanga," akasema. "Kanga ya kisutu."