Motokari Iliyong'olewa Nembo

Mume wangu alileta ile motokari nyumbani siku ya Jumamosi, akaiingiza kinyumenyume. Huku Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, hakuna anayefanya hivyo. Mtu akinunua gari huingia mbele mbele, honi inalia, majirani watoke waone. Yeye aliingiza nyuma kwanza, akaisogeza mpaka mlango wa dereva ukakaribia kugusa ukuta, kisha akajivuta juu ya viti na kutokea mlango wa pili, anacheka.

Nilipiga vigelegele. Nilikuwa nauza vitenge soko la Kolwezi, na kila asubuhi nilifunga furushi langu nyuma ya pikipiki, nikiomba lisidondoke kwenye mashimo. Sasa tulikuwa na pikapu ya buluu, ya zamani lakini nzima. Mume wangu alikuwa dereva huko Fungurume, kwa mfanyabiashara wa simenti, ndivyo nilivyojua. Alikaa huko wiki nzima na kurudi mwisho wa juma. Akaniambia kazi imekwisha, na patroni wake amemwachia gari hiyo badala ya haki zake. Nilimshukuru Mungu, nikasonga bukari, ugali wetu, tukala vizuri.

Kesho yake, jua likiwa bado changa, nilimkuta amechuchumaa nyuma ya gari. Alikuwa na birika la maji moto, kitambaa, na uzi wa kuvulia samaki. Alikuwa akikanda herufi za chuma zilizoandika jina la gari, gundi ikilainika anapitisha uzi nyuma ya herufi na kuuvuta huku na huku kama anayekata sabuni. Herufi moja ilikuwa imeshaanguka kwenye udongo.

"Unazitosha juu ya nini?" nikamwuliza, nikitaka kujua kwa nini anazing'oa.

"Bezi, mama. Huku banaziibaka, banaendaka kuuzisha."

Jibu hilo lilinitosha. Ni kweli wezi wa Kolwezi hung'oa hata kioo cha pembeni dereva akiwa anasubiri mkate. Nilichukua herufi ile nikaiweka dirishani, nikaenda kuosha vyombo. Lakini nilipotoka tena alikuwa ameingia katikati ya ukuta na gari, amejibana, anasugua mlango wa dereva kwa mafuta ya taa. Pale hapakuwa na chuma. Palikuwa na mabaki ya karatasi ya kunata, vipande vyeupe ambavyo mtu mwingine alikuwa amevikwangua vibaya kabla yake.

Mwizi gani anaiba karatasi ya kunata? Sikumwuliza. Nilirudi ndani, lakini swali lilibaki limenikaa moyoni.

Wiki zilizofuata niliijua gari ile kuliko nilivyotaka. Jua la kwetu lilikuwa limeila rangi yake, buluu imepauka na kuwa kama chaki, ukiigusa inabaki kidoleni. Lakini mahali zilipokuwa zile herufi rangi ilikuwa bado mbichi, ile ya siku ilipotoka kiwandani. Jina lilikuwa limeondoka na lilikuwa bado linasomeka. Mume wangu alinunua dawa ya kung'arisha, akasugua mpaka mikono ikamuuma. Kadiri alivyong'arisha, ndivyo herufi zilivyozidi kukolea.

Mlangoni mambo yalikuwa mengine. Gari ikiwa imeoshwa huoni kitu. Lakini ikitoka barabarani na lile vumbi jekundu la malori ya madini, vumbi lilishika kwenye rangi iliyokwaruka na kuteleza kwenye rangi laini. Jioni moja, kabla jua halijazama, aliegesha upande mwingine kwa sababu jirani alikuwa ameanika mihogo karibu na ukuta wetu. Nikauona mlango. Katikati ya vumbi palikuwa na umbo la ngao, safi, la buluu. Ndani ya ngao kulikuwa na kichwa cha ndege mwenye mdomo uliopinda.

Mlango wa upande wa pili haukuwa na kitu, ulikuwa umebadilishwa, umetoka kwenye gari nyingine. Hata hilo nililigundua siku hiyo.

Jirani yangu, mama mmoja ambaye marehemu mume wake alifanya kazi mgodini pamoja na baba mkwe wangu, alikuja kugeuza mihogo yake. Akauangalia mlango, akaniangalia.

"Mama, hii motokari ilikuwa ya nani?"

"Ya patroni wa simenti."

"Simenti ikona na ndege?" Akacheka kidogo, akaendelea kugeuza mihogo.

Nilianza kumchunguza mume wangu. Sijivunii, sijutii. Aliosha mlango ule kabla ya kuosha uso wake. Tukienda sokoni alizunguka mbali ili tusipite Kasulo, akidai barabara imeharibika, wakati kila mtu alijua barabara za Kasulo zimeharibika tangu watu walipoanza kuchimba chini ya nyumba zao na bado magari yanapita. Na Kasulo ndiko anakokaa mdogo wangu wa kiume.

Lazima nimweleze mdogo wangu. Wazazi wetu walitoka Maniema, watu wa biashara na wa msikiti, na walitaka awe fundi cherehani kama baba. Yeye akafuata vijana wenzake machimboni. Siku moja, karibu na Ramadhani, waliingia usiku kwenye eneo la mgodi mmoja hapa Kolwezi, wakachimba, na kulipopambazuka walinzi waliwafukuza kwa gari. Mdogo wangu alikimbia akiangalia mbele tu, akatumbukia kwenye shimo lililoachwa wazi. Wenzake walirudi kumtoa mchana. Mguu wake wa kushoto haukupona sawasawa. Sasa anatengeneza simu kwenye kibanda, na akitembea utadhani kila hatua anaikagua kwanza.

Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kwetu kula. Tangu gari ije, kila Ijumaa mume wangu alikuwa na safari. Mzigo wa Likasi, mzigo wa Lubumbashi, mtu wa kupeleka mahali. Mwanzoni nilisikitika hawakutani, kwa maana walipendana. Baadaye nikaacha kusikitika, nikaanza kuhesabu maneno yake.

Basi nikafanya jambo. Nilimpigia mdogo wangu simu, nikamwomba aje Jumatano, mchana, nimepika sombe, yaani kisamvu, na samaki. Mume wangu sikumwambia.

Alikuja. Mume wangu alikuwa ndani anajiandaa kutoka, gari imesogezwa mbali na ukuta ikiwa na vumbi la asubuhi. Mdogo wangu aliingia langoni akinisalimu kwa sauti, na katikati ya salamu akageukia gari. Akaenda polepole mpaka kwenye mlango. Hakuugusa.

"Yaya," akaniita, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "hii motokari mulitosha wapi?"

"Ni ya shemeji yako."

"Hii njo kipanga."

Hapo ndipo niliposikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Wachimbaji waliyaita magari ya walinzi wale kipanga, yule ndege anayeshuka ghafla na kunyakua vifaranga. Mtoto akipiga kelele "Kipanga!" watu hutupa magunia na kukimbia. Mdogo wangu alinieleza yote hayo kwa utulivu, macho kwenye ngao, kana kwamba anamsomea mgeni maandishi.

Mume wangu akatokea mlangoni, shati halijafungwa vifungo. Aliniangalia mimi kwanza. Alielewa nani amepanga siku hiyo.

"Karibu, shemeji," akasema.

"Ulikuwa unafanya kazi kwa bale batu?" mdogo wangu akauliza.

Mume wangu alikaa kwenye kizingiti. Nilitegemea aseme gari imenunuliwa kwa watu, na mimi ningekuwa radhi kuamini hata hivyo. Hakusema hivyo.

"Nilikuwa shofere," akasema. "Shofere tu. Sikushikaka fimbo, sikushukaka hata chini. Simenti ilikuwa mbele, mwaka wa kwanza. Kisha patroni akafunga, hawa ba kipanga bakanichukua. Nilikuwa na haya ya kusema, juu yako. Banafunga kazi, banatupatia motokari za zamani."

"Na ile siku yangu?"

"Hapana. Ile siku nilikuwa Fungurume."

Mdogo wangu akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. "Mi nilikuwa nakimbia," akasema. "Mutu mwenye kukimbia haangalie shofere."

Aliingia, akanawa, akala kidogo kwa ajili yangu. Mume wangu alikaa nasi kwenye mkeka na hakula. Alipotaka kumrudisha kwa gari, mdogo wangu akasema atachukua pikipiki, asante. Nilimsindikiza hadi barabarani. Alinishika bega, akapanda pikipiki.

Sikujua niamini nini. Nilipomtazama mume wangu akisali nilijiuliza, nilipomtazama akilala nilijiuliza. Alinihudumia vizuri kuliko zamani, na wema ule nao nikautilia shaka. Alisema atapeleka gari ipakwe rangi nyingine. Nikamwambia asithubutu.

Baadaye, sokoni, alifika mwanamume mmoja kumnunulia mke wake kitenge. Alivaa viatu vya walinzi, vile vizito, na koti la zamani lenye kichwa cha ndege kifuani, uzi umefifia. Nilimkunjulia kitenge baada ya kitenge mpaka nikapata ujasiri.

"Tata, ulifanya kazi na mume wangu?" Nikamtajia jina.

Uso wake ukafunguka. "Ah, yule! Mutu muzuri. Mama, usisikie maneno ya batu. Ile siku ya ndugu yako hakukuwako."

Nilikuwa sijataja siku yoyote. Nilikuwa sijataja ndugu.

"Nani alikuambia nina ndugu?" nikauliza.

Alishika kitenge, akakichunguza upindo. "Kolwezi ni ndogo, mama," akasema. Akachukua kile kile alichoshika, bila kuomba nimpunguzie, akaenda.

Nililirudia tukio lile kichwani kwa siku nyingi. Huenda mume wangu alimtuma. Huenda walizungumza tu kama wanaume waliofanya kazi pamoja, mume wangu akamlilia mwenzake shida zake za nyumbani. Yote mawili yanawezekana, na hakuna linalonipa usingizi. Nilimwambia mdogo wangu, maana ilikuwa habari yake kuliko yangu. Alinisikiliza akiwa ameinamia simu ya mtu, bisibisi mkononi.

"Sawa, yaya," akasema. "Nimesikia."

Mvua zilipoanza, ukuta wa nyumba yake ulipasuka kutoka juu hadi chini. Majirani walikuwa wamechimba mpaka chini ya chumba chake, na ardhi ilikuwa inashuka. Ilibidi ahame, na hakusubiri nimwambie mume wangu. Alimpigia mwenyewe.

"Shemeji, leta motokari."

Tulikwenda wote watatu Kasulo, tukapakia godoro, sufuria, meza ya kazi na masanduku ya simu mbovu. Mvua ilikuwa imekatika, matope yamekauka kwenye mlango wa gari, na ile ngao ilionekana waziwazi. Watu waliiona. Mama mmoja aliingiza watoto ndani. Vijana waliokaa juu ya magunia walisimama, mmoja akaokota jiwe na kulishika tu. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili, shingo imelowa jasho.

Mdogo wangu alizunguka gari kwa mguu wake ule, akawasalimia vijana kwa majina yao. "Iko yetu," akawaambia. "Mulete ile kabati." Yule kijana akalitupa jiwe, wakaja kubeba.

Nyumba mpya ilikuwa ng'ambo ya mji, chumba na sebule. Tulipomaliza kushusha, mdogo wangu akachemsha chai, akamketisha mume wangu kwenye kiti pekee na yeye akakaa juu ya godoro lililokunjwa, ana kwa ana naye. Akaanza kumwuliza habari za Fungurume, kwa sauti ya mazungumzo tu. Malori yalipangwa wapi mvua ikinyesha? Yule mama wa mikate pale kizuizini bado yuko? Msikiti walijenga lini lile paa jipya, kabla ya mwezi wa Ramadhani au baada? Nani alikuwa anapika kwenye kambi ya madereva?

Mume wangu alijibu moja baada ya moja. Hakusita. Paa la msikiti alilikumbuka mpaka rangi, na fundi aliyeanguka ngazini. Nilikuwa nimekaa kwenye masanduku, glasi yangu imepoa, nikitazama nyuso zao mbili na kutambua kwamba mdogo wangu hakuwa akipiga soga, alikuwa akimpima.

Nilipotoka, alinifuata hadi kwenye kibaraza.

"Amejibu yote, sawa vile batu ba Fungurume baliniambiaka," akaninong'oneza.

"Basi?"

Alifikiri. Ndani mume wangu alikuwa anagonga msumari ukutani ili amtundikie saa.

"Basi Ijumaa nitakuya kula," akasema. "Umwambie akuwe nyumbani."

Ijumaa ile mume wangu alikuwa nyumbani, na Ijumaa zilizofuata pia. Wanakula sahani moja. Kila mara, katikati ya chakula, mdogo wangu huuliza jambo dogo jingine la Fungurume, na mume wangu hulijibu, na mimi huwa nasikiliza kutoka jikoni.